Duka la kuchapa la uchochoroni Mkunazini: nyota nne kwa kazi ya cheti changu cha jeshi

Mwenye duka kaniomba nisiandike jina lake wala la duka, nami nimemkubalia, kwa hiyo aliyekuja kutafuta namba ya simu asijisumbue kuendelea. Nitasema pahala tu. Ukitoka soko la Darajani ukaingia Mkunazini, kabla hujalifikia kanisa kuu la Anglikana, kuna uchochoro wenye mafundi cherehani wawili, na mdomoni mwake anakaa muuza urojo. Duka ni mlango wa tatu, wa kijani, rangi imechunika. Ubao wake unasema fotokopi, kuchapa, tafsiri, picha za pasipoti. Jina analiogopa kwa sababu miaka ya nyuma alimjazia mtu fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani, mtu akapata, na msimu uliofuata foleni ikafika hadi kwa fundi wa pili. Hataki tena. Anasema fomu ile hata mtoto wa skuli anaijaza, watu walikuja kwa ajili ya mkono wake, kana kwamba ana dawa.

Mie sikwenda kwa bahati nasibu. Hiyo nilishaipata 2004. Mie nilikwenda na cheti cha kuachishwa jeshi.

Nieleze kidogo, maana bila ya hili nyota zangu hazitaeleweka. Nilifika Ohio 2005, na 2006 nikaandikishwa jeshi la nchi kavu la Marekani. Kadi ya kijani inatosha, uraia si sharti. Mafunzo ya mwanzo Fort Jackson, udereva wa magari mazito Fort Leonard Wood, kisha Fort Hood kule Texas, na kutoka Texas, Iraq. Nilikwenda 2007, mwaka ambao zamu zilirefushwa kutoka miezi 12 hadi 15. Miezi 15 nimesukuma lori usiku, taa zimefunikwa. Gari la mbele yangu liliwahi kulipuka, la nyuma yangu nalo likalipuka siku nyengine. Langu halikuguswa. Niliporudi Texas nikawa silali. Mwenzangu mmoja akanipa bangi, nikalala. Baada ya mara ya nne au ya tano ikaja siku ya kikombe: unaamshwa alfajiri bila ya taarifa, unakojoa mtu anakutazama, kikombe kinafungwa na kutiwa saini. Wiki chache baadaye nikaitwa ofisini.

Nikavuliwa cheo, nikakatwa mshahara, nikapigishwa deki siku 45. Kisha ikaja karatasi ya kuachishwa. Ilisema nina haki ya wakili na haki ya kusikilizwa na bodi. Nikazisamehe haki zote mbili kwa saini moja, kwa sababu sajenti mmoja, mtu mwema tu wala hakuwa na nia mbaya, aliniambia baada ya miezi sita cheti hujipandisha daraja chenyewe. Maneno haya wanajeshi wa Marekani wamekuwa wakiambiana miaka na miaka, na ni uongo mtupu. Cheti hakijipandishi. Kaa miezi sita, kaa miaka sitini.

Nikatoka Agosti 2009. Mama sikumwambia. Disemba ile ile Unguja nzima ikaingia gizani, umeme ukakatika miezi mitatu, hadi Machi 2010. Simu ya mama ikawa inachajiwa kwa jenereta ya jirani mara moja kwa wiki, tukizungumza dakika mbili chaji imekwisha. Mtu mwenye jambo la kuficha haombi zaidi ya hapo.

Sasa cheti chenyewe. Kinaitwa DD 214, karatasi moja yenye visanduku, na kuna nakala fupi na nakala ndefu. Nakala fupi imefutwa maneno mabaya. Mwajiri anataka ndefu. Kwenye ndefu yangu kisanduku cha 24 kinasema nimeachishwa katika hali isiyo ya heshima. Kuna madaraja matano: ya heshima, ya jumla, hii yangu, na mbili mbaya zaidi ambazo hutolewa na mahakama ya kijeshi. Cha 26 kina herufi JKK, alama ya siri ya sababu ya kuachishwa. Cha 27 kina RE-4, yaani usirudi kugonga mlango. Cha 28 ndicho sababu, kimeandikwa kwa herufi kubwa: utovu wa nidhamu, na kwenye mabano, matumizi mabaya ya dawa za kulevya. Ukiwa Marekani mtu akisoma hivyo anakuuliza dawa gani. Ukiwa kwetu hakuulizi. Kwetu madawa ni madawa, na picha inayomjia mtu ni teja aliyelala pembeni ya njia na sindano.

Mlango wa kuomba cheti kibadilishwe upo. Fomu ni DD 293, inakwenda kwenye Bodi ya Mapitio ya Kuachishwa, na muda ni miaka 15 tangu siku uliyotoka. Kwangu muda ulikuwa unakwisha Agosti 2024. Machi 2024, mwezi wa Ramadhani, mama akavunjika nyonga, nikapanda ndege na faili langu la karatasi 61 begini. Rikodi za utumishi nilikuwa nimeshaziomba kutoka hifadhi ya St. Louis. (Ile hifadhi iliungua 1973, zikateketea rikodi za wanajeshi zaidi ya milioni 16. Za kwangu ni za juzi, zilikuwepo zote, na nakiri kuna siku nilitamani nazo zingeungua.)

Kabla ya duka hili nilishajaribu huduma mbili, na zote ziko chini ya nyota moja. Ya kwanza ni kampuni ya mtandaoni ya huko huko Marekani iliyotaka dola 1,900 kwa "uhakika wa asilimia mia". Kuomba ni bure. Fomu ni bure. Jumuiya za maveterani zina watu wa kukusaidia bila ya senti, na hakuna binadamu anayeweza kukuhakikishia bodi itasema nini. Ya pili ni kijana mmoja hapa mjini, hodari wa kusema, aliyeniambia yeye "fomu za jeshi" anazijua, nimpe laki tatu. Nilipomuuliza DD 293 ni nini akasema ni zile za pasipoti ya Marekani. Nikamshukuru, nikaenda zangu kunywa kahawa.

Dukani nilipelekwa na jirani wa mama. Nilifika mwezi wa tano, mvua za masika hazijaisha, ndoo imewekwa katikati ya sakafu kudaka tone la dari. Nyuma ya meza alikuwepo bibi wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, buibui lake limekunjwa mikono. Alisomesha Kiingereza skuli miaka 27 kabla ya kustaafu, na kila aingiaye humwita Mwalimu, hata polisi. Nikampa shikamoo, akaitika bila ya kuinua macho, akamaliza kuchapa barua ya mtu ya kuomba kiwanja, ndipo akaniuliza, "Haya baba, una nini?"

Nikamwambia ni fomu ya Marekani na maelezo ya kurasa saba ya kuchapwa. Nilidhani atachapa tu. Akayasoma, yote saba, kalamu nyekundu mkononi, mie nimesimama. Watu wawili wameingia na fotokopi zao wakahudumiwa na kijana wake, wametoka. Alipofika mwisho akayapanga vizuri, akayagonga mezani yakalingana.

"Huyu sajenti," akasema, "umemtaja mara kumi na moja. Yeye ndiye anayeomba?"

Nikasema hapana, mie.

"Wewe umejitaja mara ngapi?"

Sikuwa nimehesabu.

"Ulivuta au hukuvuta?"

Akaniuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kijana wake yuko mbali kidogo kwenye mashine. Nikasema nilivuta. "Basi hilo liwe sentensi ya kwanza. Mtu mzima hasomi kurasa saba kungojea jibu la swali moja."

Hapa ndipo ninapompa nyota mbili za mwanzo kwa mkupuo. Nimeshaonana na watu waliosomea sheria wasiolijua hilo. Bodi hii inaangalia mambo mawili: kama taratibu zilifuatwa, na kama uamuzi ulikuwa wa uadilifu. Kwangu taratibu zilifuatwa, saini yangu ipo, mkojo ni wangu. Kurasa zangu saba zilikuwa zinapigana vita ambavyo nimeshashindwa. Kilichobaki ni uadilifu, na huko lazima uanze na ukweli wa kosa.

Nikampa waraka nilioubeba, wa 2017, uliotiwa saini na A. M. Kurta wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kabla yake ulikuwepo wa Waziri Chuck Hagel wa 2014, ulioanza kuziambia bodi zimtazame kwa wasaa askari aliyerudi na kiwewe cha vita akaharibu. Wa Kurta umeweka maswali manne. Mwalimu akauchukua nyumbani, kesho yake nikakuta amenakili maswali yale kwa Kiswahili kwenye kipande cha boksi la karatasi na kukibandika ukutani mbele ya kiti cha mteja:

Ulikuwa na maradhi au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Yalikuwepo ulipokuwa jeshini? Kweli yanapunguza, au unasingizia? Yakiwekwa mizanini na kosa, upande upi unashuka?

Hilo la "unasingizia" ameliongeza mwenyewe, halimo kwenye waraka. Nilikaa mbele ya boksi lile siku nne. Nikiandika sentensi isiyojibu mojawapo anaifuta. Zikatoka kurasa mbili. Sajenti hayumo. Yumo daktari wa Columbus aliyeandika kwamba usingizi wangu na vitisho vyangu ni maradhi ya kiwewe, imo tarehe ya gari la mbele na tarehe ya gari la nyuma, imo rikodi yangu ya zahanati ya kambini ya mwaka 2008 nilipokwenda kulalamika kwamba silali, miezi kadhaa kabla ya kikombe. Karatasi hiyo ya zahanati nilikuwa nayo ndani ya faili miaka yote, na nilikuwa sijawahi kuisoma. Aliyeiona ni yeye, alipokuwa anazihesabu kwa ajili ya skana.

Baadaye zikaja barua za watu. Bodi inapokea ushahidi wa mwenendo wako wa baada ya jeshi, na kuna waraka wa 2018 unaosema wazi kwamba kupata cheti cha heshima hakudai utumishi usio na doa. Nikakusanya ya sheha, ya maalim wa msikiti, na ya mama. Zote kwa Kiswahili, kwa hiyo lazima zitafsiriwe.

Ya sheha kwanza ilishikwa na kijana, Mwalimu alikuwa kaenda hospitali. Kijana akaiingiza kwenye programu ya simu. Sheha alikuwa ameandika kwamba mie ni mtu wa watu na sina makuu, na shehiani hawajanisikia na lolote. Ikatoka, kwa Kiingereza, kwamba mie ni mtu ninayemilikiwa na watu, sijafanya jambo lolote kubwa maishani, na serikali ya mtaa haijapata kusikia habari zangu. Kijana akanichapia, akagonga muhuri wa duka, akanidai elfu kumi na tano. Wallahi ningeituma hivyo hivyo nisingeisoma nikiwa kwenye daladala ya Kikwajuni, nikacheka mpaka abiria wa jirani akasogea. Mwalimu aliporudi aliifanya upya bure, na "mtu wa watu" peke yake ilimchukua robo saa. Alikuwa anaitia neno, analisema kwa sauti, anatikisa kichwa, anafuta. Mwishowe akaandika kwamba ni mtu ambaye majirani humwendea wanapopatwa na shida. Chini ya kila tafsiri akaandika kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi, akatia saini na tarehe.

Barua ya mama ilikuwa kazi zaidi, maana ilibidi mama aambiwe kwanza. Nilimwambia jioni moja baada ya alasiri, amekaa kitandani na mguu wake, ungo wa mchele mapajani. Akasikiliza. Akauliza, "Bangi, au unga?" Nikasema bangi. Akaendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni ya godoro. Mtaani kwetu unga umeshazika watoto wa watu niliocheza nao mpira. Alichokuwa anauliza nilikijua. Kisha akasema, "Miaka kumi na tano unanipigia simu kila Ijumaa, husemi." Kilichomuuma kilikuwa hicho. Siku mbili hakunijibu salamu ipasavyo.

Mama hawezi kutembea kufika Mkunazini, kwa hiyo Mwalimu alikuja Kikwajuni mwenyewe siku ya Ijumaa baada ya sala, na daftari la mistari. Sikuombwa nauli. Mie nikatolewa nje. Nilikaa barazani nikisikia sauti ya mama ikisimulia, na mara moja moja Mwalimu akimkatisha: "Hilo umeliona mwenyewe, bibi, au umeambiwa?" Baadaye nilisoma. Mama alikuwa amesema kwamba tangu nirudi sijalala kitandani, nalala chini, mgongo ukutani, uso mlangoni. Kwamba Idd pili watoto walipiga fataki uwanjani, akaniita sikuitika, akamtuma mjukuu wake akanikuta nimekaa chini chooni, nimefungulia bomba maji yapige kelele. "Andika na hilo la maji," ilikuwa imeandikwa mwishoni, na Mwalimu hakuifuta, ameitafsiri kama ilivyo.

Sasa nyota niliyoikata.

Duka lina feni ya mezani isiyo na wavu wa mbele, imewekwa juu ya kabati, inageuka huku na huku. Ikigeukia meza, kila karatasi isiyo na jiwe juu yake inaondoka. Mwalimu ana mawe matatu ya pwani ya kuzuilia karatasi. Mie siku ile nilikuwa na marundo manne. Ukurasa wa pili wa maelezo yangu, ule wenye bangi, kikombe, Iraq na usingizi, uliinuka, ukapita juu ya kichwa cha mteja, ukatoka mlangoni. Nje tope. Nilipotoka mbio nikamkuta muuza urojo ameuokota, anaupangusa kwa kitambaa anachofutia bakuli, anautazama. Anasoma Kiingereza au hasomi, sijui mpaka leo. "Shekhe, karatasi yako hii," akasema. Ukurasa umebaki na alama ya kidole gumba ya manjano, ya urojo, imepiga katikati ya mstari. Tuliuchapa upya bila shaka. Lakini tangu siku ile kila nikipita ananiongezea bajia, na sijui kama ni ukarimu au ananionea huruma. Nilimwambia Mwalimu habari ya feni. Akasema feni ile ni ya marehemu mume wake.

Malalamiko mengine ni madogo. Umeme ulikatika mara tatu katikati ya kazi na duka halina betri ya akiba. Kurasa kumi na mbili zilizokuwa zimeshapita kwenye skana zikapotea, tukaanza upya. Tovuti ya kupelekea maombi ilikataa kufunguka pale dukani, siku mbili tunajaribu, ndiyo maana nikalazimika kutuma kwa kampuni ya vifurushi hadi Arlington, Virginia, gharama iliyozidi kila kitu nilicholipa dukani. Na kuna hili la wakili: Mwalimu alishikilia kwamba karatasi za serikali lazima zipigwe muhuri wa wakili, nikaenda nikalipa elfu thelathini kwa barua tatu. Fomu haidai muhuri wowote. Unatia saini mwenyewe chini ya onyo la kusema uongo, basi. Nilipomwonesha alikasirika kidogo, akasema muhuri haujapata kumdhuru mtu.

Bei kwa wanaopenda hesabu: tafsiri elfu kumi na tano kwa barua, tatu, 45,000. Skana shilingi 300 kwa ukurasa, kurasa 61, 18,300. Fotokopi seti mbili kwa mia mia, 12,200. Kuchapa maelezo, pamoja na kusahihishwa mara ambazo sikuzihesabu, 10,000. Jumla 85,500. Kumbuka wale wa dola 1,900.

Jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikae niandike haya yote. Siku ya Alkhamisi tulimaliza magharibi, nikakusanya, nikaondoka. Saa tano usiku nikafungua faili na DD 214 haimo. Nakala ndefu. Nikajua pale pale: imebaki ndani ya mashine, uso chini kwenye kioo, na mtu wa kwanza kufungua kifuniko ataiona. Mjini kwetu jambo halichukui siku. Asubuhi litakuwa barza ya kahawa, mchana litamfikia sheha aliyeniandikia kwamba hawajanisikia na lolote. Ijumaa duka halikufunguliwa, kulikuwa na msiba kwao. Usiku wa pili nikausikia wote.

Jumamosi saa mbili asubuhi nimesimama mlangoni. Mwalimu akafika, akafungua kufuli, akanipita, akaenda hadi kabatini akatoa kopo la biskuti. Ndani mna mihuri, stempu, na bahasha ya khaki imezibwa kwa gamu, kwenye mziba ametia saini yake ikapita pande zote mbili, kama walivyokuwa wakifunga karatasi za mitihani. Hakusema neno. Nikaipasua, nikakuta cheti changu, na nyuma yake kipande cha karatasi: "Imeonekana saa 1:10 usiku. Kijana alikuwa ameshaondoka."

Nikataka kumpa kitu. Akanambia nikae kwenye kiti, kuna kosa la tarehe ukurasa wa kwanza.

Bahasha iliondoka mwisho wa Juni 2024, wiki sita na ushei kabla ya muda kwisha. Mie nikarudi Ohio mama alipoanza kukanyaga. Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Bodi ilipitia kwa karatasi tu, imenipandisha kutoka hali isiyo ya heshima hadi ya jumla. Kisanduku cha 28 wamebadilisha: sasa kinasema utovu wa nidhamu, makosa madogo, na herufi za 26 zimekuwa JKN. Cha 27 hawakukigusa. Cheti cha jumla hakinipi malipo ya masomo, yale yanataka heshima kamili, lakini kwenye matibabu ya maveterani kile kizuizi cha daraja la cheti hakipo tena. Ningewahi mapema ningekuwa bado na nafasi ya kuiomba bodi ile ile inisikilize kwa mdomo. Miaka 15 imekwisha, kilichobaki ni bodi ya marekebisho ya rikodi, fomu DD 149, nayo kisheria ni ndani ya miaka mitatu ila wanaweza kukusamehe ukieleza sababu. Nitaeleza. Kwa hiyo anayesoma hapa na ana ndugu huko mwenye cheti kama changu, ahesabu miaka leo, asingojee nyonga ya mama.

Nilimpigia simu Mwalimu nikamsomea. Akanifanya nirudie kisanduku cha 28 herufi kwa herufi, nasikia kalamu yake ikiandika. Akasema alhamdulillahi, na kwamba hiyo ya pili tutaanza na ukurasa mmoja, si miwili.

Nikamuuliza habari ya feni.

"Feni ipo," akasema.